Mwizi wa Kondoo wa Kibanda cha Pili

Ngozi ya kondoo ilipovutwa kutoka chini ya kitanda namba kumi na saba, ikiwa bado na damu mbichi, wanaume arobaini wa kibanda cha pili walilia kwa pamoja: "Meee!"

Mwenye kitanda alisimama katikati yao, amevaa buti moja. Aliitwa Malachy Beirne, lakini pale hakuna aliyelijua jina hilo. Katika kambi ile ya wachimba mboji kule Kildare, kiangazi kile cha vita ambapo makaa ya mawe yalikatika na nchi nzima ikawa inapikia mboji, yaani udongo wa kinamasi uliokatwa matofali na kukaushwa, jina la mtu lilibaki kwao. Siku ya kwanza ulisimama mlangoni, ukataja kaunti yako kwa sauti, na kibanda kikakubatiza. Wa Wexford aliitwa Tumbo Njano. Wa Carlow, Mla Vitunguu. Wa Galway, aliyefika wiki moja kabla ya Malachy, aliitwa Makabila, na alilivaa jina hilo kama kofia mpya.

Malachy alisema ukweli: Roscommon. Basi akawa Mwizi wa Kondoo.

Kwa miezi mitatu hawakumpa nafasi ya kupumua. Walimtilia manyoya kwenye uji. Walimlilia kama kondoo alipopiga magoti kusali. Na kinara wa yote alikuwa Makabila. Barua za mama yake Malachy zilipofika kila Ijumaa, ni Makabila aliyepanda juu ya benchi.

"Haya, Mwizi, tusomee! Mama kondoo anasemaje wiki hii?"

Malachy alisoma, kwa sababu kukataa kulimletea ngumi. Ijumaa iliyopita alisoma hivi: "'Kifua bado kinanibana. Daktari anasema nisipokosa maziwa na mayai, mwaka mpya nitauona. Ulichotuma kimefika.'" Hapo macho yake yaliruka mistari miwili, akakunja karatasi. "Ni hayo tu."

"Meee," alijibu Makabila, na kibanda kikavunjika mbavu. Yeye mwenyewe hakuwahi kupata barua.

Alikuwa na mdomo, huyo. Hata msimamizi, mtu wa Kilkenny waliyemwita Paka, hakumweza. Kila pembe ya nchi ina namna yake ya kusimamisha matofali ya mboji ili upepo uyakaushe, na siku moja Paka alisimama kati ya mistari miwili akijikuna kidevu.

"Makabila, watu wa Galway husimamisha matano. Mbona wewe sita na moja juu, sawasawa na huyu Mwizi?"

"Ameniibia, bosi! Hawa ukiwapa mgongo wanaiba hata mtindo."

Wakacheka mpaka Paka akasahau alichouliza. Malachy aliendelea kusimamisha matofali yake.

Sasa Paka alikuwa ameishika ile ngozi, na mkulima mwenye kondoo anangoja nje na mbwa wake.

"Kondoo kapotea jana mchana, wakati wa mechi," Paka alisema. "Kibanda kizima tulikuwa uwanjani. Wewe sikukuona."

"Nilikuwa kwenye mfereji, bwana."

"Na nani?"

Aliyefukuzwa kambi ile hakupokelewa kambi nyingine yoyote. Msimamizi angepiga simu, na milango yote ingefungwa. Pasipo kambi hakuna maziwa, hakuna mayai. Mwaka mpya ulikuwa mbali.

"Makabila alikuwepo," Malachy akasema polepole. "Mwulize yeye. Alinikuta pale."

Tumbo Njano, ambaye ndevu zake zilinukia mafuta ya nyama tangu jana, alitazama sakafu.

Makabila alikuwa kitandani kwake akifunga kamba za buti. Aliifunga moja, akaifungua, akaifunga tena. Hakuinua kichwa.

"Mimi? Nikae mfereji mmoja na mtu wa Roscommon? Si ningerudi bila suruali, bosi!"

Kicheko kilitikisa mabati. Paka aliitupa ngozi miguuni pa Malachy.

"Kusanya vyako. Na usinililie hapa, sakafu imefagiliwa leo."

Malachy hakulia. Alivaa buti la pili, akafunga blanketi lake kwa kamba, akatoka. Nje walikuwa wamejipanga pande zote mbili za njia, kila mmoja na bonge la mboji mbichi mkononi. Walimrushia. Moja lilimpiga sikioni, jingine mdomoni. Alitema tope na kuendelea kutembea, mgongo umenyooka.

Mwisho wa mstari, pale langoni, alisimama Makabila. Bonge lake ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

"Muage, Makabila!" Tumbo Njano alipiga kelele. "Mpe ya Galway!"

Malachy hakupita. Alisimama mbele yake, karibu kabisa, uso mweusi kwa tope, akatoa mfukoni ile barua ya Ijumaa na kumsukumia kifuani. Alisema kwa sauti ya chini, asisikie mwingine.

"Mama yetu akiuliza tena habari zako, kaka Fintan, safari hii nimwambie nini?"

Makabila aligeuka, akawaona wenzake wanangoja. "Meee!" akalia, kwa sauti kubwa kuliko wote, na bonge likaruka.