Sugu za Nyuzi

Jumapili alasiri, mumewe akiwa amelala fofofo kando yake baada ya ibada, Nthambi alihisi vidole vikitembea juu ya mkono wake.

Hakuthubutu kujisogeza. Nje, mabehewa yaligongana taratibu kule relini, na jua la Makongeni lilipenya pazia likawafunika kama shuka.

Vidole vile vilikuwa vikipiga gitaa.

Siku alipookoka, mumewe alilichoma gitaa lake likawa majivu. Kila Jumamosi alisugua ncha za vidole kwa jiwe la kusugulia visigino ili sugu za nyuzi zitoke, na hazikutoka. Asubuhi ya Jumapili hiyo alikuwa amevunjavunja gitaa la mkebe la mtoto wa jirani, akimkemea shetani hadi sauti ikamkauka.

Sasa alikuwa akitabasamu usingizini. Nthambi aliutambua wimbo; ndio ule aliomwimbia enzi za uchumba wao. Akauimba kwa pumzi tu, na vidole vikamfuata, vyepesi, kana kwamba havijawahi kukatazwa kitu.

Mara mumewe akafumbua macho.

"Mama, nilikuwa nafanya nini?" Aliuliza kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Ulikuwa unaomba, baba."

Mumewe akavitazama vidole vyake.

"Niletee lile jiwe."

Nthambi akainuka. Jiwe lilikuwa pale pale dirishani. Akampa mumewe mgongo, akalitia kifuani, ndani ya gauni.

"Silioni," akasema, kisha akajilaza tena na kuuweka mkono wake chini ya vidole vya mumewe.