Radi au Mwamba

Tangu sheria iagize mabishano ya wanandoa yaamuliwe kwa gemu za zamani za kupigana, Mwatumu hajawahi kushindwa kwenye Radi. Gemu hiyo ina kasi tamu, ila ina dosari moja kubwa: ukibanwa kwenye kona, hutoki. Gemu nyingine, Mwamba, ni nzito kama uji uliolala, lakini ina haki. Anayejua kujikinga hupata nafasi ya kujibu. Huko mumewe, Shomvi, humchakaza kila mara.

Leo wanabishania kazi aliyopata Mwatumu kule Tabora. Shomvi amesema haendi mtu. Kisheria, anayekataa ndiye anayechagua gemu, kwa hiyo tangu asubuhi Mwatumu anazunguka sebuleni, roho juu, akijua atachapwa kwenye Mwamba.

Shomvi akaketi, akawasha runinga, akachagua Radi.

“Baba Tunu, umebonyeza vibaya.”

“Sijakosea. Shika pedi ya gemu.”

Pambano likaanza. Mpiganaji wa Shomvi akarudi nyuma mwenyewe, taratibu, mpaka kwenye kona, akasimama humo.

Vidole vya Mwatumu vikaganda juu ya vitufe.

“Unaniruhusu,” akauliza, “au unanifukuza?”

Shomvi hakugeuka. “Piga, mama Tunu. Muda unakwisha.”