Dagaa Ndani ya Nguzo

Mkaguzi wa serikali alikuja na barua iliyompa mamlaka ya kumhoji yeyote kuhusu darasa lililoanguka. Aliokota kipande cha nguzo. Ndani ya zege alikuwamo dagaa mmoja mkavu, magamba yangali yaking'aa.

"Mchanga wa ufukwe wa Katonga, wanakoanika dagaa," alisema. "Nani aliuagiza, badala ya ule wa mtoni?"

"Ni mimi, mama," alijibu fundi Gideon. "Mwenyekiti hakujua."

Mwenyekiti wa kamati ya shule ni mimi, na Gideon ni mwanangu wa ubatizo. Mchanga ule niliuagiza mimi. Yeye alinikatalia mara mbili.

Mkaguzi aliyaandika maelezo yake kwenye karatasi, akampa kalamu atie sahihi.

Nilivua kofia, nikaitwaa kalamu mkononi mwa Gideon.

"Mzee, wewe hujaitwa," mkaguzi alisema.

"Najua," nilimjibu. "Naomba karatasi nyingine."