Projekta ya Shigela

Sheria ilitaka marehemu aonyeshwe ukutani kwake mpaka taa ya projekta iungue yenyewe. Hapo ndipo msiba ungekwisha, na mjane angeruhusiwa kuhama.

Nyamizi alikuwa amebakiza muda kidogo. Projekta yake ilikuwa ya taa, ile ya kizamani inayopata moto, na kwa miaka yote ya msiba mwanga wake ulififia mpaka uso wa mumewe Shigela ukawa wa manjano, hata macho hayakuonekana vizuri. Nyamizi alikuwa amechoka. Alitaka tu kwenda kuishi kwa binti yake Tabora.

Asubuhi moja dada wa marehemu, Kabula, akaja na boksi.

"Wifi, kaka anapotea, na sisi tunaangalia tu," alisema. "Tumechanga ukoo mzima. Hii ni ya leza, haina taa ya kuungua."

"Itadumu mpaka lini?"

"Fundi anasema itatuzika sote."

Nyamizi akashukuru.

Shigela akatokea ukutani, kila udevu ukihesabika, kijana kuliko mkewe. Kabula alilia kwa furaha, akaaga. Nyamizi akafungua mapazia yote ili jua limfute. Halikumfuta.

Simu ikalia. Alikuwa binti yake.

"Mama, taa imeungua?"

Nyamizi aliugeukia ukuta.

"Baba yako hajambo," alisema. "Hicho chumba ulichoniwekea mpe mtu mwingine."