Mkono wa Kushoto

Wewe ungempa nini mtoto anayekunyooshea mkono, na kila unachomwekea kiganjani anakiachia kianguke?

Baba wa mtoto huyu alikuwa ameshajaribu chupa ya maji. Akajaribu bisi, kofia, puto jekundu, na alipoishiwa maarifa akajaribu hata bisibisi ya mfukoni, maana yeye ni fundi wa mafriji na bisibisi haimtoki. Vyote vilianguka chini, isipokuwa puto. Hilo lilikwenda juu.

"Haya mama, unataka nini?" akauliza, akichuchumaa mbele ya kiti cha magurudumu. "Sema na mimi mwanao, nimechoka kubahatisha."

Mtoto huyu tangu azaliwe hakuwahi kutamka neno. Miguu yake haikuwa na nguvu, mkono wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani, na kazi zote zilimwangukia ule wa kushoto. Sasa ulikuwa umenyooka tena, vidole vikifunguka na kufunga, polepole, kama mtu anayekamua sifongo.

Alikuwa amerithi jina la bibi yake mzaa baba, aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, ndiyo maana nyumbani baba alimwita mama. Mke wa fundi alikuwa na mzaha wake: "Huyu ni mama mkwe wangu, nitamkaripia kwa mdomo gani?"

Mke huyo ndiye aliyewatoa nje ya mlango asubuhi ile. Siku zote yeye peke yake ndiye aliyejua kama mtoto ana njaa, anawashwa au kaudhika.

"Leo nendeni wenyewe kwenye bustani ya michezo," alisema. "Nimechoka kuwa mkalimani wenu. Nikifumba macho kesho, utamjuaje mwanao? Usirudi mpaka umejua jambo moja analolitaka, hata liwe dogo kama punje ya mchele."

Fundi aliitikia kwa kicheko, lakini moyoni hakucheka. Mtihani huo alikuwa ameshaufeli mara moja.

Mama yake mzazi alipigwa na kiharusi, kikamchukua ulimi na upande wote wa kulia. Siku ya mwisho aliinua mkono wa kushoto pale kitandani, vidole vikifunguka na kufunga. Fundi akakimbia kuleta maji. Akakimbia kuleta shuka jingine. Akawasha feni, akaizima, akatoka mbio kumwita nesi. Aliporudi, mkono ulikuwa umelala.

Hakumsimulia mtu, hata mkewe. Ila tangu hapo, akiona glavu imening'inia kwenye kamba ya nguo, hugeuza uso.

Basi akajishughulisha. Akakaza skrubu ya gurudumu la kiti, ambayo haikuwa imelegea. Akampeleka mtoto kwa farasi wa mbao wa kuzunguka, muziki ukawa unakwaruza, lakini mtoto aliwaacha farasi wote wapite, akamtazama yeye. Akampeleka kwenye chumba cha vioo. Humo walionekana wanene, wembamba, wenye vichwa chini, na katika kila kioo mkono ule ulikuwa umemnyookea. Alitoka humo shati limemganda mgongoni, na siku yenyewe ilikuwa ya baridi.

Likabaki gurudumu kubwa, lile linalopandisha watu angani ndani ya vibanda vidogo.

"Baba, mtoto anaongea?" aliuliza mwanamke aliyeliendesha, akimfunga mtoto mkanda.

"Haongei."

"Sasa akiogopa, tutajuaje?"

"Hata mimi ningependa kujua, dada."

Yule dada akamwona anavyolichokonoa komeo la kibanda. "Acha hilo, halikukukosea kitu. Na hiyo bisibisi nipe mimi, utaikuta hapa hapa. Huko juu hakuna kusimama wala kufunguafungua. Hata gurudumu likisita, usihangaike, ni wenzako wanapanda huku chini. Kazi yako ni kukaa tu."

"Kukaa nako ni kazi?"

"Kwako wewe, naona ni kazi."

Wakapanda. Mapaa yakazama chini yao, kisha vilele vya miti, kisha muziki wa farasi ukafifia mpaka ukabaki kama mbu sikioni. Walipokaribia kileleni gurudumu likasita, likasimama. Kibanda kikawa kinayumba taratibu, kikilia kwenye vyuma vyake.

Fundi akainuka, mkanda ukamrudisha. Akapapasa mfuko, mtupu. Hapakuwa na kitu cha kuleta, wala mlango wa kutokea, wala mtu wa kuitwa.

Mkono wa kushoto ukanyooka. Vidole vikafunguka, vikafunga.

Alitamani kugeuza uso, lakini kila upande ulikuwa hewa tupu. Akajikuta ameweka kiganja chake mwenyewe juu ya kile kidogo. Akaegemea kiti. Akatulia.

Vidole vikafunga. Vilikuwa baridi, na vilimshika kwa nguvu ambazo hakuwahi kuziona kwa mtoto huyu. Uso mdogo ukamgeukia. Midomo ikajaribu, ikashindwa, ikajaribu tena, kama mlango ulioshikwa na kutu.

"Sikutaka maji wala feni, mwanangu," mtoto akasema. "Nilitaka ukae."