Gari la Goti la Bibi

Siku hizo sheria ililazimisha kila gari kubwa litamke, mlango ukifunguliwa, sababu ya kweli iliyomfanya mwenyewe alinunue. Ndeshi hakuwa na wasiwasi. Baba yake aliapa kwamba lake amelinunua kwa ajili ya goti la Bibi, limpeleke kliniki wakati wa tope.

Krismasi wakapanda nalo hadi kijijini kwa Bibi, Machame. Mbele ya ukoo mzima baba akafungua mlango kwa mbwembwe.

"Nimenunuliwa ili jirani wa hapa, Lyimo, ajione si kitu," gari likasema.

"Mangi, chifu wetu, limekuumbua!" ndugu zake wakacheka.

Bibi akaokota fimbo yake. "Basi mwanangu, mpeleke huyo Lyimo kliniki." Akaanza kuchechemea kurudi ndani.

Ndeshi akangoja baba amkimbilie Bibi. Baba akaufunga mlango, akaufungua tena kwa nguvu zaidi, maana Lyimo ndiyo kwanza alikuwa anapita njiani.