Usingizi Mzito wa Mwendesha Kreni

"Nilikuwa macho, daktari. Macho makavu mpaka kunakucha."

Mwendesha kreni alikuwa akilisema hilo kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu daktari akatabasamu. Hasira zilimpanda. Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza ili anyamaze.

Mwezi uliopita alisinzia kule juu, na shehena ya matofali ikapita shibiri moja na kichwa cha mwashi. Mnyapara alimsimamisha kazi papo hapo. Tangu hapo amekuwa akifuata tiba ya kulala bila vidonge: usingizi usipokuja aondoke kitandani, asitazame saa, aamke wakati uleule kila siku. Hakuona nafuu. Na leo asubuhi, asipopeleka barua ya daktari, kreni anapewa mtu mwingine.

Ndiyo maana usiku uliopita alilala hapa kliniki, kichwani kavalishwa kofia ya nyaya inayosoma ubongo wa mtu aliyelala. Fundi aliyemvalisha alienda chumba cha pili kutazama kompyuta. Kulipokucha, muuguzi ndiye aliyekuja kumvua.

Daktari akawageuzia skrini.

"Haya mawimbi mapana ni usingizi mzito. Tiba imefanya kazi kuliko nilivyotarajia."

"Mbona nilimsikia mtu akikoroma usiku kucha?"

"Mtu mwenyewe ni wewe, bwana!"

Mkewe aliangua kicheko. Maskini, hakuwa amecheka kwa wiki nyingi. Daktari akawaeleza kuwa wapo watu wanaolala fofofo, kisha wakiamka wanaapa kwamba hawakufumba hata jicho moja. Mashine haina sababu ya kumsingizia mtu. Akatia saini barua.

Kwenye jengo, mnyapara aliisoma, akamgonga bega na kumwonyesha ngazi. Simu hairuhusiwi kule juu, kwa hiyo mwendesha kreni akamkabidhi yake mkewe, aliyemsindikiza.

"Mume wangu, unajisikiaje lakini?"

"Si umemsikia daktari? Mimi ndiye niliyekuwa nakoroma."

Akapanda hadi kwenye kibanda cha kreni. Chini, waashi walikuwa wakipitapita na karai zao, wakitaniana. Akawaamuru kwa redio wafunge redio kwenye mnyororo, akimaanisha nondo, na alipojisikia akichanganya hata maneno hayo mepesi aliogopa, aliogopa kwelikweli. Kope zilikuwa nzito. Siku nyingine angeomba ateremke. Leo alijikaripia: umelala wewe, kichwa chako ndicho kinachokudanganya. Akavuta wenzo, na nondo zikapaa juu ya waashi.

Wakati huo mkewe alikuwa amerudi kliniki kuchukua koti walilolisahau. Alimkuta daktari mlangoni, akaanza kumshukuru. Hajamaliza, mlango wa chumba cha pili ukafunguka, akatoka fundi akijifikicha macho, kofia ya nyaya kichwani, taa yake ndogo ikiwaka kijani.

"Samahani, daktari," alisema huku akipiga miayo. "Jana niliivaa hii kuijaribu, kama kawaida yangu, usingizi ukanipitia. Ile ya mgonjwa hata sikuiwasha. Tumlaze tena leo?"